Muhogo wa Jumatatu na Alhamisi

Kwa karibu miezi mitatu nilimdanganya mama yangu kwamba nafunga Jumatatu na Alhamisi, na sababu ya uongo huo ilikuwa muhogo. Nalisema hili mapema kwa kuwa kila ninapolisimulia watu hunikatiza kuuliza mwanamke alikuwa nani. Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na baiskeli, na mashindano niliyoshindwa kuyamaliza mara mbili, na kiapo kwamba mara ya tatu nitaingia katika watano wa mwanzo. Hao watano ndio waliokuwa wakichukuliwa kwenda kushindana Bara. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na wakubwa wa timu walikwisha kuniambia kwamba jina langu wataliandika mara moja tu tena.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi na mama tulikaa Michenzani, ghorofa ya nne, peke yetu, maana baba alikuwa ameshafariki na dada zangu wameolewa. Kazi yangu ilikuwa ufundi baiskeli, Darajani. Asubuhi nilishuka na baiskeli yangu begani, jioni nikaipandisha vivyo hivyo, na majirani walizoea kujibana ukutani nikipita. Ngazi zile hazikuwa na siri. Ukipandisha kikapu, kabla hujafika juu watu watatu wameshajua utapika nini.

Mashindano yalitoka mjini mpaka Makunduchi na kurudi, siku moja, juani, kwenye barabara ambayo wakati ule ilikuwa na mashimo zaidi ya lami. Mara ya kwanza niliishia Kitogani wakati wa kurudi. Nikasingizia jua. Mara ya pili nilifika Jozani, na pale msituni, mahali penye kivuli kizuri ambapo mtu hana haki ya kulalamikia jua, nguvu zikanitoka zote kwa mpigo. Miguu ilikuwa haiumi, ilikataa tu. Mikono ikawa inatetemeka, kijasho chembamba kikanitoka, na njaa niliyoisikia haikuwa njaa ya kawaida, ilikuwa njaa ya mtu anayetaka kulia. Nikakaa pembeni mwa barabara. Kima punju wawili watatu wakanitazama kutoka juu ya mti huku wanatafuna majani yao bila haraka. Niliwaonea wivu, na wivu ule unanitia hasira mpaka leo.

Na si kwamba nilikuwa sijala. Mama alinilisha asubuhi ile kama bwana harusi: mkate wa boflo mweupe uliopakwa siagi ya kopo nje ndani, vitumbua, chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na chupa mbili za juisi ya unga wa pakiti, ile nyekundu inayotia rangi ulimi. Mfukoni alinitilia biskuti. Nusu saa ya kwanza ningeweza kushindana na gari. Baadaye kila nikinywa ile juisi napanda kidogo, halafu nashuka chini zaidi ya nilipokuwa.

Mama hakuwa mchoyo, na hilo ndilo lililokuwa tatizo langu. Alikuwa amepita katika miaka ya foleni, wakati mchele ulikuwa kwa mgao na sukari ilikuwa habari ya kusikia. Biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa vya kopo na pakiti, aliapa kwamba muhogo hautaingia tena nyumbani kwake ila mwezi wa Ramadhani. Kwake yeye boflo lilikuwa heshima. Muhogo ulikuwa chakula cha mtu aliyekosa, na mtoto wake asingeonekana amekosa.

Sasa, kulikuwa na hoteli moja Kiwengwa iliyokodisha baiskeli kwa wageni, na wageni wale walikuwa na kipaji cha kuziharibu. Nikapata kazi ya kwenda kuzitengeneza siku mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Nilikwenda kwa baiskeli na kurudi kwa baiskeli, ili mazoezi na riziki vipatikane kwa safari moja. Na huko Kiwengwa ndiko alikokuwa akikaa shangazi yangu, dada yake baba, ambaye alikuwa analima mwani.

Shangazi na mama walikuwa mawifi wa kweli. Hawakuwahi kugombana, ila hawakuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi. Mama alimwita wifi yake mtu wa shamba, shangazi naye alimwita mama bibi wa ghorofani, na yote hayo yalisemwa kwa kicheko na kila mmoja aliyakumbuka.

Mchana nilikuwa nakwenda kumuamkia shangazi na kula kwake. Siku ya kwanza nilimkuta bado yumo majini na wenzake. Ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, nao wameinama tangu asubuhi wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, wengine wameketi kabisa ndani ya maji. Niliwatazama kwa saa nzima. Hakuna aliyetetemeka. Hakuna aliyekaa pembeni kutafuta kitu kitamu. Walipotoka walibeba magunia ya mwani mbichi vichwani, mazito kuliko baiskeli yangu mara kadhaa, huku wanatukanana kwa utani. Nikamuuliza shangazi amekula nini asubuhi. Akaniona nina kichaa. Akasema muhogo wa kuchemsha na samaki wa jana, na uji wa mtama kabla ya hapo, kwani mtu ale nini?

Nikala alichokula. Muhogo, jimbi, kunde za nazi, papa wa kuchoma, siku nyengine wali wa mchele wa shamba uliotwangwa kwa mkono, wenye wekundu wake. Hakuna kilichofunguliwa kwa kisu cha kopo. Niliporudi mjini jioni ile nilishangaa: nilifika Michenzani na bado nilitaka kwenda mbele. Sikupanda ghafla, sikushuka ghafla. Niliendesha kama saa inavyokwenda. Wiki ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu, na mimi nikishika jambo siliachi. Nikajua nilichokuwa nakikosa.

Nikamwomba mama anipikie muhogo. Nilikosea namna ya kuomba, maana nilisema shangazi ndivyo anavyonipikia. Mama akakunja uso. Akasema kwa upole kabisa kwamba kama chakula chake kimenishinda, aniandalie mkoba nihamie Kiwengwa. Siku tatu baada ya hapo nililetewa vitumbua viwili zaidi.

Kisha Ramadhani ikaingia, na nikaona kioja ambacho nilikuwa nimekiona maisha yangu yote bila ya kukifikiri. Mama alipanda ngazi na kikapu cha muhogo na majimbi, kichwa juu. Majirani nao vivyo hivyo. Jua likizama, katika kila nyumba ya Michenzani, ya mwenye nacho na asiye nacho, palikuwa na muhogo wa nazi, viazi vitamu, ndizi, kunde na uji wa pilipili manga, na watu wakapelekeana sahani kwa fahari. Chakula kile kile ambacho mwezi uliopita kilikuwa aibu, sasa kilikuwa futari. Mwezi mzima nilifanya mazoezi mepesi baada ya kufuturu, nikawa na nguvu za ajabu. Sikukuu ilipofika, boflo likarudi.

Baada ya sikukuu nilifunga zile siku sita za Mfungo Mosi. Hizo nilizifunga kweli, na sitaki kudhulumiwa hapo. Mama alinipikia futari siku zote sita, na daku pia, kwa furaha. Siku ya sita, muhogo ukiwa mkononi, wazo likanijia, na nikalisema kabla sijaliogopa. Nikamwambia nimeona raha ya saumu, nitaendelea na Jumatatu na Alhamisi.

Alinikumbatia. Hapo ningeweza kurudi nyuma, sikurudi. Mashindano yalikuwa baada ya miezi mitatu na nusu hivi.

Mpango ulikwenda vizuri kuliko unavyostahili kwenda mpango wa namna ile. Alfajiri mama aliniamsha kwa daku: wali wa shamba, kunde, ndizi mbivu. Nikaondoka. Mchana nilikula kwa shangazi. Magharibi nilirudi kufuturu, muhogo na majimbi na samaki, na nikipumzika dakika tano kabla ya kula mama alidhani nasoma dua. Kilichobaki nilikula siku ya pili yake. Kwa hiyo wiki nzima, isipokuwa siku mbili tatu za boflo, nilikuwa nakula nilivyotaka. Mwili ulikauka vizuri. Wenzangu wa timu walianza kunitazama nikipanda kilima cha Dole bila ya kuinuka kitini.

Lakini mama alikuwa na mdomo, na alikuwa na fahari. Habari za saumu yangu zilishuka ngazi mpaka chini na kupanda jengo la pili. Wazee walianza kunipa mkono kwa mikono miwili. Alhamisi moja, nikiwa napandisha baiskeli, jirani wa ghorofa ya pili alinisimamisha. Binti yake alikuwa na homa isiyotaka kutoka. Akaniomba, maadamu mtu aliyefunga dua yake hairudi, nimuombee mtoto wake kabla sijafuturu. Kiuzi cha muhogo wa shangazi bado kilikuwa kwenye meno yangu. Nilisema inshallah. Nilipofika juu niliingia chooni nikakaa. Sijapata kujidharau kama siku ile, kabla wala baada. Nikamuombea yule mtoto kwa moyo wangu wote, nikimwambia Mola asiniangalie mimi. Mtoto alipona, na mama yake akaniletea halua, na hilo lilizidi kunimaliza.

Ungedhani niliungama. Sikuungama. Nilijiambia zimebaki wiki tano.

Wiki iliyofuata shangazi alikuja mjini kwa harusi ya jamaa, akafikia kwetu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mimi nipo sebuleni natia upepo gurudumu. Mama alimtilia chai wifi yake na hakuweza kungoja hata akoroge. Akaanza kumhadithia jinsi mtoto wake alivyokuwa mtu wa ibada, Jumatatu na Alhamisi hazimpiti, na juu ya saumu hiyo anaendesha baiskeli kwenda na kurudi Kiwengwa. Shangazi hakuwa mbaya. Alikuwa tu mtu wa kusema anachokijua.

"Wifi," akasema, "anafunga Alhamisi? Basi juzi aliyekula kwangu sahani mbili za muhogo na papa nani?"

Nikaendelea kutia upepo mpaka gurudumu likawa gumu kama jiwe. Mama alinigeukia mimi.

"Ulikula?"

"Nlikula, mama."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Shangazi alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Nikaeleza yote pale pale: Jozani, biskuti, wanawake wa mwani, futari. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema siku zote nilizomdanganya nitazifunga kweli, moja moja, na muhogo hautapikwa tena mle ndani. Akasema watu watasema mwanawe anakwenda kula kwa wifi yake kwa sababu kwake hakuna kitu.

Nilikuwa na aibu, lakini nilikuwa na hasira pia, na hasira ndiyo iliyosema. "Ntazifunga," nikamwambia. "Lakini mashindano haya ntayamaliza, mama. Ukinipikia ntakula. Usiponipikia ntapika mwenyewe."

Jumatatu yake nilinunua jiko la makaa na sufuria, nikaviweka roshani, mbele ya macho ya jengo zima. Mwanamume mzima ghorofa ya nne anachemsha muhogo huku mama yake yumo ndani. Watoto wa chini waliita wenzao. Nami kusema kweli sikujua kupika. Maji yalikauka, muhogo ukaungua chini na juu ukabaki mbichi, na niliula hivyo hivyo, nimesimama, ili waliotazama waone. Habari zilikuwa zimeshafika kwa wenzangu wa timu, na kila niliyempita barabarani alinipigia kelele, "Saumu maqbul!" Nikawapungia mkono nikaendelea kukanyaga.

Siku ya nne ya jiko langu mama alitoka roshani. Alitazama ndani ya sufuria. Nadhani angeweza kuvumilia uongo wangu na maneno ya watu, ila sufuria ile hakuweza. Akaitwaa, akaingia nayo jikoni, na nikasikia anamwaga kila kitu. Baada ya saa moja aliniwekea sahani ya muhogo uliopasuka vizuri, laini, umetiwa chumvi na tui kidogo. Tangu siku ile alinipikia kila siku, muhogo, majimbi, viazi vikuu, uji wa mtama usio na sukari, na alipanda na kikapu kile ngazi zote nne mchana kweupe bila ya kukifunika. Ila hakuzungumza nami zaidi ya salamu.

Siku ya mashindano niliamka kabla ya alfajiri nikamkuta jikoni. Alikuwa ameshafunga vipande vya muhogo katika majani ya mgomba, vidogo vya kushikika kwa mkono mmoja, uzi wa katikati ameshautoa, ili nisihangaike nao njiani. Palikuwa na tende zilizotolewa kokwa, na chupa mbili za maji yenye ndimu, asali na chumvi. Akaniuliza kama vinatosha. Nikamwambia vinatosha.

Nilijiwekea sharti la kula kabla ya kusikia njaa, na sharti hilo sikulivunja. Tunguu nikala kipande. Kitogani nikala. Wenzangu walinicheka, mmoja akaniuliza kama jua limeshazama. Makunduchi tulipogeuza nilikuwa wa kumi na moja, na sikutaka kumfukuza mtu. Wakati wa kurudi walianza kuja kwangu wenyewe, mmoja mmoja, wamekaa vibaya vitini, vinywa wazi, chupa zao nyekundu mikononi. Niliujua uso ule, kwani nilikuwa nimeuvaa mara mbili. Pale Jozani palinipa hofu hata hivyo. Nilitafuna muhogo kwa nguvu zote, nikainamisha kichwa na kuanza kuhesabu mizunguko ya miguu mpaka mwanga wa nje ya msitu ukanipiga usoni. Miguu haikukataa. Kutoka Tunguu mpaka mjini niliumia kila mahali panapoweza kuumia, lakini nilikuwa naumia nikiwa nakwenda mbio. Nilikuwa wa nne.

Bara nilikuwa wa kumi na tisa, na niliridhika.

Niliporudi mama aliniuliza nitaanza lini kuzilipa zile saumu. Nilikuwa nimekisia siku ishirini. Yeye alikuwa na hesabu yake, ishirini na tatu, na sikubishana. Jumatatu ya kwanza nilifunga, nikaenda Kiwengwa, nikakaa mbali na nyumba ya shangazi, nikarudi nimekauka midomo. Nilimkuta mama naye amefunga.

Tukakaa mkekani wawili tu. Kukaadhiniwa, tukafungua kwa tende na maji. Katikati palikuwa na muhogo wa nazi, sahani kubwa, na yeye akajitilia uji. Nikamuona anakunywa uji, anachukua ndizi, anarudi kwenye uji. Ndipo iliponipambazukia kwamba sijapata kumuona mama yangu akila muhogo, hata Ramadhani moja. Nikamuuliza kama haupendi.

Aliuweka uji wake chini. "Miaka ile," akasema, "ukipatikana mti mmoja wa muhogo, nauchemsha bila nazi, nakugaieni nyie watoto. Wewe ulikuwa unamaliza wa kwanza, unauliza kama kuna mwengine. Nakupa wangu, nakwambia mie nshakula. Harufu yake ilikuwa inanitesa mpaka asubuhi. Nikasema siku nikiwa nacho, sitaki kuusikia tena."

Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilikuwa na macho, na nilikuwa mrefu kuliko yeye, na nilipokea kile kipande kila siku nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Tumbo langu lilikuwa tupu tangu alfajiri, na harufu ya tui ilikuwa imejaa chumbani. Nikaisogeza sahani mpaka mbele yake.

Aliitazama. Kisha akachukua kipande, akautoa uzi, akala. Akachukua cha pili. Mimi niliweka mikono yangu magotini, na sikugusa kitu mpaka aliponiambia ameshiba.